Nchi ya Salale Ipimwe kwa Maji (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulieleza jinsi baadhi ya nchi zinavyopima uwezo wa mandhari ya vijijini kustahimili ujenzi mpya. Uingereza, ambayo imekuwa ikiuboresha utaratibu huo tangu miongozo ya 2002 hadi ule wa 2019, huigawa nchi inayokizunguka kijiji vipande vipande, kisha kila kipande huulizwa maswali mawili: kitadhurika kwa wepesi gani iwapo kitu fulani kitajengwa juu yake, na kina thamani gani kwa watu. Utaratibu huo ni mzuri na tunaweza kuuazima. Lakini umekulia kwenye nchi kavu ya vilima, malisho na kuta za mawe, ambako jicho linaweza kusadikiwa. Leo tunaupeleka kata ya Salale, kaskazini mwa delta ya Rufiji, wilayani Kibiti, na hoja yangu ni moja: hapa nchi haipimwi kwa macho ya mtu aliyesimama barabarani au ndani ya boti. Inapimwa kwa njia za maji, na inatakiwa ipimwe kabla jina la mwekezaji yeyote halijatajwa.

Anayefika huko kwa gari hutokea Bungu, kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi. Hupita kwanza kwenye mchanga wa juu wenye mikorosho, minazi, miembe na muhogo. Kisha nchi huinama taratibu, mchanga unageuka tope, na kijiji cha Nyamisati kinakaa pale pale kwenye mpaka wa viwili hivyo, kikiwa na gati la kwenda kisiwa cha Mafia. Kuanzia hapo usafiri ni wa mitumbwi na mashua. Mpango wa kusimamia mikoko ulioandaliwa mwaka 1991 uliihesabu mikoko ya delta nzima kuwa takriban hekta 53,000, karibu nusu ya mikoko yote ya Tanzania Bara, na mtu akiitazama kutoka baharini huona ukuta mmoja wa kijani usio na mwanzo wala mwisho. Ukuta huo una historia. Septemba 1914 meli ya kivita ya Kijerumani, Königsberg, yenye urefu wa takriban mita 115, iliingia ndani ya delta na kujificha upande wa Salale. Waingereza walijua imo humo, lakini kutoka nje hawakuweza kuilenga. Ilibidi ndege ziletwe kuelekeza mizinga, na haikuzama mpaka Julai 1915. Mpimaji wa mandhari anayefuata mwongozo wa kigeni neno kwa neno angeipenda sifa hiyo. Nchi inayoficha meli ya kivita itaficha hoteli, ghala na mabwawa, kwa hiyo ataandika kwamba hatari ni ndogo. Hapo ndipo tathmini inapopotoka, kwa sababu madhara makubwa ya delta hutokea nyuma ya ukuta huo na hayaonekani kutoka upande wowote.

Tuchukue mfano mdogo kabisa: tuta la barabara lenye kimo cha mita moja, linalokatiza uwanda wa mikoko ili gari lifike ukingo wa mto. Kwa macho si kitu. Mikoko mirefu zaidi ya hapo italifunika. Lakini mti wa mchu hutoa mizizi inayochomoza kutoka kwenye tope ikielekea juu, mwembamba kila mmoja, urefu wake shubiri moja hivi, na inaweza kuwa maelfu chini ya mti mmoja. Tope lenyewe halina hewa, basi mti huvuta pumzi kupitia mizizi hiyo maji yanapokupwa. Tuta likizuia maji kutoka, mizizi hukaa chini ya maji wiki baada ya wiki, na mchu hufa ukiwa umesimama. Upande wa pili wa tuta hutokea kinyume chake: maji hayafiki tena ila wakati wa bamvua kubwa, jua huyakausha, chumvi hubaki, na mwishowe ardhi huwa nyeupe isiyoota hata mkandaa, ambao kwa kawaida huvumilia chumvi kuliko wengi. Tuta hilohilo likiwekewa makalavati mapana pale hasa mikondo inapopita, madhara hupungua sana. Mahali ambapo mkondo unapita, na ambapo haupiti, panaweza kutengana kwa hatua chache tu. Picha iliyopigwa barabarani haiwezi kuonyesha hatua hizo, ilhali mvuvi anayepitisha mtumbwi wake hapo kila siku anazijua.

Chini ya maji nako kuna jambo. Tope la mikoko likichimbwa huwa jeusi au la kijivu na hunuka kama yai viza. Ndani yake mna madini ya chuma na salfa ambayo, yakiwa yamefunikwa na maji, hayana neno. Likipandishwa tutani na kukauka, madini hayo hukutana na hewa na kutoa tindikali ya salfuriki. Tope huanza kuchora michirizi ya njano na ya kutu, na mvua ikinyesha, maji yanayochuruzika kutoka hapo huua mimea na samaki. Ni moja ya sababu zilizofanya mabwawa mengi ya kamba yaliyochimbwa kwenye mikoko ya Asia ya Kusini-Mashariki yaachwe baada ya miaka michache. Sisi tulikaribia kuyaona hayo hapa. Mwaka 1997 serikali iliridhia mradi wa African Fishing Company wa kufuga kamba katika delta ya Rufiji, kwenye eneo lililotajwa kuwa takriban hekta 10,000, ingawa ushauri wa kitaalamu wa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) ulikuwa kinyume. Wakazi wa delta walikwenda Mahakama Kuu, wanasheria wa mazingira wa LEAT wakiwa upande wao, na mwishowe mradi haukujengwa.

Kesi hiyo inakumbukwa kama vita kati ya wanakijiji na mwekezaji, na kwa kiasi fulani ilikuwa hivyo. Mimi naiona pia kama gharama ya kuchelewa kupima. Kamba wa porini hutaga baharini. Vifaranga vyake husukumwa na maji yanayojaa hadi kwenye vijito vya ndani, vikakua kati ya mizizi ya mikaka, kisha kamba waliokomaa wakarudi baharini. Kwa miaka mingi delta hii imehesabiwa kuwa chanzo cha sehemu kubwa ya kamba wanaovuliwa Tanzania Bara. Vijito vya kulelea vifaranga ndivyo pia vinavyomvutia mfugaji wa kamba, kwa kuwa vina maji ya kupampu na mahali pa kumwaga maji machafu. Ramani inayoonyesha vijito hivyo, pamoja na tope lenye salfa, ingalikuwa mezani mwaka 1995, mwombaji angaliambiwa siku ya kwanza kwamba asiombe hapo. Badala yake watu walitumia miaka ya maisha yao kubishana juu ya mpango uliokwisha kuchorwa.

Pingamizi la kwanza ninalolitarajia ni kwamba wanaoiharibu delta ni wenyeji, wanaofyeka mikoko kulima mpunga, wala si wawekezaji. Ni kweli kwamba mikoko mingi ya kaskazini imekatwa kwa ajili ya mpunga. Lakini tuutazame ushahidi wenyewe. Tangu miaka ya 1970 maji mengi ya Rufiji yalielemea matawi ya kaskazini, yakaisukuma chumvi nyuma, na ndipo mpunga ulipowezekana huku. Kusini, ambako bahari ina nguvu zaidi, ni vigumu zaidi kuulima. Mkulima hujenga dungu juu ya nguzo, hupandikiza miche mirefu kwa sababu kaa huila midogo, huvuna misimu kadhaa, magugu humshinda, akahama. Katika mashamba yaliyoachwa, pale maji ya kujaa na kupwa yanapopita bado, mbegu za mikoko hurudi zenyewe. Pale palipozibwa, hazirudi. Basi mikoko si kitu kimoja chenye wepesi mmoja wa kudhurika. Kipande kimoja kinaweza kusamehe kukatwa, na cha jirani yake kisisamehe. Sheria zetu zimeifanya mikoko kuwa msitu wa hifadhi tangu enzi ya Wajerumani, mwaka 1898, na leo iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Zaidi ya karne moja ya rangi moja kwenye ramani haijamwambia mkulima wala afisa misitu ni wapi hasa kukata hakutibiki. Matokeo yake ni ugomvi usiokwisha, ambamo serikali hukataza kila mahali na watu hukata popote wanapoweza.

Pingamizi la pili ni la kisheria. Tayari tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, yenye tathmini ya athari kwa mazingira na marufuku ya shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe au kingo za mto. Sheria hiyo naiheshimu, nami nisingependa ipunguzwe hata kidogo. Ila mita 60 huhitaji ukingo wa kuanzia, na Salale ukingo hutembea. Wakati wa maji mafu mto uko mahali pake. Bamvua ya masika ikija, maji huenda mbali zaidi ya mita hizo sitini juu ya uwanda ulio karibu sawa. Anayepima kiangazi atapata jibu moja na anayepima masika atapata jingine, na wote wawili watakuwa wameitii sheria. Tathmini ya athari nayo huja mradi ukiwa umekwisha kuchagua kiwanja, tena hutazama mradi mmoja mmoja. Magati matatu madogo, kila moja na cheti chake, yanaweza kwa pamoja kuziba kijito ambacho hakuna ripoti iliyokitaja. Sheria hiyohiyo inatambua tathmini ya mazingira ya kimkakati, inayofanyiwa mipango na sera kabla ya miradi. Pamoja na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007, nyenzo za kufanya ninachokisema zipo. Kinachokosekana ni desturi ya kuzitumia mapema.

Pingamizi la tatu ndilo zito kuliko yote, na linatoka kwa watu wa Salale wenyewe. Wanasema wamechoka kuishi ndani ya hifadhi ya watu wengine. Wanataka barabara, umeme, zahanati, na soko la samaki lenye barafu. Wana haki kabisa. Delta hii imo katika eneo oevu la Rufiji–Mafia–Kilwa, lililoorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2004, lenye hekta 596,908, na mama mjamzito anayevushwa usiku kwa mtumbwi hafaidiki na heshima hiyo. Gati la Nyamisati na kivuko cha MV Kilindoni vimewafungulia watu wa Mafia na wa delta njia ya bara, na hayo ni maendeleo ya kweli. Lakini tathmini ninayoitetea haikuundwa kusema hapana. Huuliza kitu gani, wapi. Mchanga wa juu unaofuata barabara ya Bungu unaweza kubeba nyumba, shule, maghala, nguzo za umeme na minara ya simu bila kuumia sana, na kijiji chenye ramani kinaweza kulikubali ombi la namna hiyo kwa kikao kimoja. Hata huko juu pana tahadhari moja: maji matamu ya visima yamelala ndani ya mchanga huohuo, juu ya maji ya chumvi, kwa hiyo hoteli itakayopampu kupita kiasi itavuta chumvi kwenye ndoo za jirani. Kipande hicho kina wepesi mdogo wa kudhurika kwa mnara, na mkubwa kwa kisima cha mashine. Ndiyo maana kukipa kila kipande alama moja tu ni kujidanganya.

Wengine watauliza faida ya kuchora ramani ya nchi inayobadilika. Mto ulihama miaka ya 1970 na unaweza kuhama tena. Juu yake sasa kuna Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa maji Desemba 2022, lenye mitambo ya megawati 2,115. Mafuriko ya 2024 yalifunika mashamba ya Rufiji na Kibiti. Tope lililokuwa likiijenga delta tangu zamani litabaki kwa sehemu kubwa nyuma ya ukuta wa bwawa, na delta isiyoletewa tope huanza kuliwa na bahari. Kwangu hii ni sababu ya kupima sasa na kurudia kupima. Bila kumbukumbu ya leo, miaka kumi ijayo hakuna atakayeweza kusema kama kijito fulani kimekufa kwa sababu ya bwawa, bahari, tuta la barabara au mpunga, na kila mhusika atamsukumia mwenzake lawama.

Kazi yenyewe haihitaji fedha za kutisha. Vijiti vyenye alama vichomekwe mahali maji yanapofika siku ya bamvua kubwa, mara moja masika na mara moja kiangazi, na mahali kilipo kila kijiti parekodiwe kwa simu. Wavuvi waonyeshe mikondo. Kina mama wanaochota maji waonyeshe visima, na mwezi ambao kila kimoja huanza kuwa na chumvi. Wazee waonyeshe makaburi. Mtaalamu wa udongo apime tope kwenye vipande vinavyoombwa zaidi. Kisha ramani iende kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ijadiliwe, na iingizwe katika mpango wa matumizi ya ardhi, ikiwa na orodha ya vitu vinavyoruhusiwa na visivyoruhusiwa kwa kila kipande. Ugumu uliobaki ni kwamba maji hayafuati mipaka ya vijiji: kijito kinachozibwa katika kijiji kimoja kinaweza kukausha mikoko ya kijiji cha pili. Kwa hiyo upimaji unapaswa kufanywa kwa kiwango cha kata nzima, huku uamuzi ukibaki kwa kila kijiji. Jinsi ya kugawana mamlaka hayo kati ya vijiji, halmashauri ya Kibiti na TFS ndiyo mada ya sehemu ya tatu.