Siri ya Mwanachama Anunuapo Nyumba

Mwanachama wa Bujora aombapo mkopo wa kununua nyumba, hukikabidhi chama namba ya kitambulisho cha Taifa, hesabu ya mapato yake na, iwapo nyumba itawekwa rehani, ridhaa ya mwenzi wake. Karatasi hizo si za kuachwa mezani. Dalali akishajua kiasi cha mkopo kilichoidhinishwa, bei hupandishwa hadi kiasi hicho hicho, na mnunuzi hana tena nafasi ya kupatana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, yavihusu vyama pia: taarifa zikusanywe kwa shabaha iliyotajwa, wala zisitumiwe kwa jambo jingine. Katibu na afungie jalada kabatini. Mkutano mkuu huelezwa jumla ya mikopo. Orodha ya majina ubaoni, ingawa ni desturi ya zamani, haihitajiki.