Barafu Moto: Tanakuzi ya Jikoni

Jina "barafu moto" ni tanakuzi dhahiri, tena kinachotajwa si barafu hata kidogo. Ni asetati ya sodiamu, chumvi ipatikanayo siki inapochanganywa na bikaboneti ya sodiamu, unga ule wa kuumulia keki. (Magadi ya Kajiado nayo hutoa povu lilo hilo, ila yana chumvi nyingine ndani yake.) Povu likiisha, kioevu huchemshwa polepole hadi utando mwembamba wa fuwele ujitokeze juu, hapo huepuliwa, hufunikwa na kuachwa kipoe bila kutikiswa.

Ajabu ni kwamba hakigandi. Fuwele za chumvi hii zilizoshika maji huyeyuka kwenye nyuzijoto 58 za Selsiasi, hivyo kioevu kilichopoa kilistahili kuwa kigumu. Kimekosa tu fuwele ya kwanza ya kuiga. Chembe moja ikidondoshwa humo, chote huganda kwa sekunde chache na kulitoa joto lililofichama tangu kilipoyeyushwa. Vifuko vya kupashia mikono joto hutumia siri iyo hiyo. Lakini chembe ikisalia ukingoni mwa sufuria, kioevu huganda kabla ya wakati wake, na kazi huanza upya.