Chumvi Ndiyo Inayoula Mpini

Ras Kisimani, ncha ya magharibi ya Mafia inayotazama delta ya Rufiji, bahari imeshameza sehemu ya mji wa kale. Kisu cha mvuvi kisitegemee huruma zaidi. Madukani siku hizi, kando ya visu vyenye mpini wa mti mtupu, vipo vyenye mpini mweusi au wa kahawia unaong'aa, uliopigwa ribiti. Muuzaji atakwambia mti huo hauingii maji. Amesema nusu ya kweli.

Mpini huo ni mbao nyembamba mno, zilizotiwa rangi, zikaloweshwa gundi ya fenoli, kisha zikashindiliwa kwa moto hadi zikashikana kuwa kipande kimoja. Gundi hiyo ni ya ukoo wa bakelaiti, aliyoibuni Leo Baekeland mwaka 1907. Ikishagandishwa kwa moto haiyeyuki tena, na vinyweleo vya mti vinakuwa vimeziba. Kwa hiyo kuupaka mafuta ya nazi, kama tufanyavyo mipini ya kawaida, ni kuyapoteza. Yatabaki juu yakinasa vumbi, na kisu kitakuponyoka ukiwa unapasua samaki.

Udhaifu uko kwenye maungio, pale chuma kinapokutana na mpini, na kuzunguka ribiti. Maji ya bahari hupenya hapo. Yakikauka, chumvi inabaki. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 75, jambo la kawaida pwani, chumvi hiyo huuvuta na kulowa upya. Kisu kimetundikwa ukutani, nawe unadhani kikavu, kumbe ndani kinaoza. Kutu nayo huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, hivyo huusukuma mpini mpaka uachane.

Ukitoka baharini, kioshe kwa maji baridi na sabuni, upitishe mswaki mkuukuu kwenye maungio, ukifute, kikauke kivulini. Usikiloweke pamoja na vyombo, wala usikimwagie maji yanayochemka. Limau hukata shombo, ila lisuuzwe upesi kwa sababu hula chuma. Mpini ukipauka, usugue taratibu kwa msasa namba 600, kisha upake nta kidogo ya nyuki, hasa kwenye maungio. Sifa, yale mafuta ya samaki, waachie wenye majahazi. Kisu kinagusa chakula.

Mpini ulioanza kuachana na chuma hauponi kwa nta. Mpelekee fundi azing'oe zile ribiti, aisugue kutu yote, aubandike upya kwa epoksi.