Sadaka Ni Sadaka, Hisa Ni Hisa: Waamini na Mtaji wa Kiwanda cha Sufu Iyunga

Mwezi Desemba 2018 Jimbo Katoliki la Mbeya lilipandishwa hadhi na kuwa Jimbo Kuu, na Mhashamu Gervas Nyaisonga akateuliwa kuwa Askofu Mkuu wake wa kwanza. Miongoni mwa alama za wajibu huo ni Pallio Takatifu, kitambaa chembamba cheupe chenye misalaba sita myeusi ambacho Askofu Mkuu huvaa mabegani. Pallio hufumwa kwa sufu ya kondoo. Kila mwaka, katika kumbukumbu ya Mtakatifu Agnesi tarehe 21 Januari, wanakondoo hubarikiwa mjini Roma kwa ajili hiyo. Mchungaji anayebeba sufu mabegani hukumbushwa kwamba amebebeshwa kondoo wenyewe.

Sufu hiyohiyo ni mali ya kiuchumi. Nyanda za Juu Kusini ni nchi ya baridi. Mwezi Juni na Julai, kuanzia Mbeya hadi Makete, Njombe na Mufindi, hakuna mtoto anayekwenda shule bila sweta wala mzee anayelala bila blanketi zito. Hata hivyo, sweta nyingi zinazouzwa katika masoko yetu zimefumwa kwa nyuzi za akriliki, ambazo hutengenezwa kwa kemikali zitokanazo na mafuta ya petroli. Ni halali basi kuuliza: je, wananchi hawawezi kuchanga mtaji na kuanzisha kiwanda cha sufu papa hapa, tuseme Iyunga?

Makala haya yanalitumia swali hilo kama mfano, ili kuwasaidia waamini kutambua mambo ya kupima kabla ya kutoa au kupokea fedha kwa ajili ya mradi wa namna hiyo.

Anza na kondoo, kisha mashine

Kwa upande wa mahali, Iyunga ina sifa njema. Ni eneo la viwanda katika Jiji la Mbeya, lina stesheni ya Reli ya TAZARA yenye urefu wa kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na barabara kuu iendayo Zambia iko jirani. Bidhaa inayotoka hapo ina njia ya kufika sokoni.

Ugumu uko malishoni. Kondoo wengi wa Tanzania, kama vile kondoo mwekundu wa Kimaasai na yule mwenye kichwa cheusi, ni kondoo wa nyama. Miili yao ina manyoya mafupi yasiyofaa kusokotwa. Kondoo wa sufu, kama Merino na Corriedale, ni mbegu nyingine inayohitaji baridi, malisho bora, dawa za minyoo na uangalizi wa karibu.

Tufanye hesabu nyepesi. Tuseme kondoo mmoja anayetunzwa vizuri anatoa kilo 3 za sufu kwa mwaka. Sufu mbichi ina mafuta, jasho na vumbi, kwa hiyo baada ya kuoshwa na kuchanwa tukadirie kwamba inabaki nusu, yaani kilo moja na nusu. Ikiwa sweta moja ya mwanafunzi inahitaji gramu 300 za uzi, kondoo huyo ametoa sweta 5. Kiwanda kinachotaka kufuma sweta 10,000 kwa mwaka kinahitaji kondoo 2,000 wa sufu. Wako wapi? Watalishwa wapi? Sehemu kubwa ya Uwanda wa Kitulo, wenye baridi inayowafaa, ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 2005.

Historia ya jirani zetu inafundisha. Mwanzoni mwa karne ya 20, mlowezi Lord Delamere alileta kondoo wa Merino huko Njoro nchini Kenya. Wengi walikufa, na baadaye ikabainika kwamba majani ya eneo hilo yalipungukiwa madini. Fedha zilikuwapo na ari ilikuwapo; ardhi haikuwa imechunguzwa. Kwa upande mwingine, huko Nanyuki, chini ya Mlima Kenya, wanawake walianza mwaka 1977 kwa msaada wa Kanisa la Presbiteri kusokota sufu kwa mikono, kuitia rangi na kufuma mazulia. Waliianza kazi kwa kiwango ambacho mikono yao iliweza kukimudu.

Aidha, kuosha sufu hutumia maji mengi na hutoa maji machafu yenye mafuta. Mradi usio na mpango wa kuyasafisha maji hayo utawapa vijana ajira na kuwanyima majirani mto. Waraka wa Baba Mtakatifu Fransisko wa mwaka 2015, Laudato si', unatutaka tusikie kilio cha dunia na kilio cha maskini kwa pamoja.

Sadaka na hisa si kitu kimoja

Hapa ndipo penye hatari kwa waamini. Mara nyingi, wakati wa matangazo baada ya Misa, mtu husimama na kueleza mradi mzuri, kisha huomba watu wachangie. Kwa kuwa maneno yametamkwa kanisani, wengi hutoa kwa moyo wa sadaka, ilhali waliahidiwa faida. Mwaka unapopita bila taarifa, huona haya kuuliza, kana kwamba kuuliza ni kumdai Mungu.

Tutofautishe. Anayetoa sadaka hamdai mtu chochote. Anayenunua hisa amekuwa mmiliki wa sehemu ya kampuni: ana haki ya kuitwa kwenye mkutano mkuu, kupiga kura, kuona hesabu zilizokaguliwa na kupata gawio pale faida inapopatikana. Amekubali pia hatari, kwa maana kampuni ikifa, hisa zake zinaweza kufa nayo. Wala mwenye hisa hafanani na mweka akiba benki, ambaye analindwa na Bima ya Amana kwa kiwango kilichowekwa kisheria.

Sheria nayo imeweka mipaka. Kampuni binafsi, iliyosajiliwa BRELA, haiwezi kuwa na wanahisa zaidi ya 50 na hairuhusiwi kuualika umma kununua hisa zake. Anayetaka kuuza hisa kwa wananchi wote lazima awe na kampuni ya umma, aandae waraka wa matarajio unaoeleza mradi, hesabu na hatari zake, na waraka huo uidhinishwe na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Njia nyingine ni chama cha ushirika chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, ambapo kila mwanachama ana kura moja bila kujali ukubwa wa mchango wake. Kwa wafugaji wanaoanza na makundi madogo ya kondoo, ushirika huenda ukawa mlango ulio karibu zaidi.

Njia ya hisa imekwisha kupitiwa na Kanisa lenyewe. Benki ya Biashara ya Mkombozi, iliyoanzishwa mwaka 2009 kwa juhudi za Kanisa Katoliki nchini, iliuza hisa kwa umma na kuorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2014. Benki ya Wananchi Mufindi (MUCOBA), yenye makao yake Mafinga mkoani Iringa, iliorodheshwa mwaka 2016. Wananchi wa kawaida wanaweza kumiliki taasisi kubwa wakifuata utaratibu.

Lakini tusifumbe macho. Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania ilifuta leseni za benki tano kwa sababu ya upungufu wa mtaji, na mojawapo ilikuwa Benki ya Wananchi Njombe. Nia njema ya waanzilishi haikuweza kuziba pengo la mtaji. Na wengi wanakumbuka upatu wa DECI, uliosimamishwa na Serikali mwaka 2009, ambao ulivuta maelfu ya watu kwa ahadi ya faida ya haraka. Uzi wa sufu hausokotwi kwa wiki moja. Anayeahidi faida ya kiwanda kwa muda mfupi hivyo ajiulizwe mara mbili.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutoa fedha

Mwamini anayealikwa kuwekeza aulize bila haya: Kampuni au ushirika huu umesajiliwa wapi? Waraka wa matarajio uko wapi na nani ameuidhinisha? Malighafi inatoka kwa wafugaji gani, na wamesaini mkataba? Nani atanunua bidhaa? Nani anatunza fedha, na nani anamkagua? Mtaji usipotimia, fedha zetu zitarudishwaje? Kiongozi mwaminifu atayafurahia maswali haya, kwa kuwa yanamlinda yeye pia.

Kwa upande wao, waanzilishi wakumbuke mfano wa Bwana wetu, katika Injili ya Luka sura ya 14, kuhusu mtu anayetaka kujenga mnara: huketi kwanza na kupiga hesabu. Pengine busara ni kuanza na kundi moja la kondoo wa mbegu, karakana moja ya kusokota na kufuma, na shule chache zilizokubali kununua sweta. Kisha, baada ya misimu miwili au mitatu ya hesabu zilizo wazi, ndipo umma ualikwe. Mkoani Iringa, karakana ya Neema Crafts ya ndugu zetu Waanglikana ilianza mwaka 2003 na vijana watatu viziwi, ikakua hatua kwa hatua.

Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake Centesimus annus wa mwaka 1991, alikiri kwamba faida ni ishara ya biashara inayoendeshwa vema, lakini akafundisha kwamba haiwezi kuwa kipimo pekee. Watu wanaoifanya kazi hiyo ndio hazina yake ya kwanza. Kitabu cha Mithali, sura ya 31, kinamsifu mwanamke anayetafuta sufu na kuifanyia kazi kwa mikono yake. Sifa hiyo ni ya WAWATA wetu wanaofuma, ya vijana wanaotafuta ajira Iyunga na ya mfugaji wa Makete. Shilingi elfu kumi ya mjane iliyowekwa katika mradi wao ni amana. Atakayeipokea aipokee kama anayejua kwamba atatoa hesabu, kwanza mbele ya mjane huyo, kisha mbele za Mungu.