Kompyuta Inapoarifiwa kuwa Umeme Umekatika: Kazi ya Kiendeshi cha UPS

Katika shule nyingi za sekondari, kumbukumbu zilizokuwa zikiandikwa katika madaftari makubwa sasa zimo ndani ya kompyuta: alama za majaribio, hesabu za ada, na orodha za watahiniwa. Umeme ukikatika wakati kompyuta inaandika katika diski, sehemu ya maandishi huwa imekwisha kuandikwa na sehemu nyingine bado. Jalada lililoachwa katika hali hiyo laweza kukataa kufunguka tena. Hasara yake basi si ya chombo, bali ni ya kazi ya muhula mzima.

Kwa sababu hiyo shule hununua kifaa kijulikanacho kwa kifupi kama UPS, yaani sanduku lenye betri linaloshika zamu mara tu umeme wa gridi unapotoweka. Lakini wengi huishia kuchomeka kompyuta katika sanduku hilo, na waya mwembamba wa mawasiliano uliokuja nalo huachwa ndani ya boksi. Makala haya yanaeleza kwa nini waya huo, pamoja na programu inayouhudumia, ni nusu ya pili ya kinga.

Hazina ya dakika chache

UPS ndogo ya mezani kwa kawaida huwa na betri ya risasi na asidi ya volti 12 na amperi-saa 7. Ukizidisha namba hizo unapata wati-saa 84. Kompyuta na kioo chake zikitumia wati 100, hesabu inaonyesha kuwa betri itadumu kwa saa 0.84, yaani dakika 50 hivi.

Hesabu hiyo ni sahihi kwenye karatasi tu. Kipimo cha amperi-saa 7 hupatikana betri inapotolewa umeme polepole kwa saa 20, kwa mkondo wa amperi 0.35. Mzigo wa wati 100 kutoka volti 12 unadai zaidi ya amperi 8. Betri ya risasi ikikamuliwa kwa kasi hiyo hutoa sehemu tu ya hazina yake. Aidha, sehemu ya nishati hupotea kama joto wakati umeme wa betri unapogeuzwa kuwa mkondo geu wa volti 230. Dakika 50 zaweza kushuka zikawa 20 au pungufu. Hali ya hewa nayo ina lake: mafundi wana kanuni kwamba kila joto la chumba linapozidi nyuzi 25 za Selsiasi kwa nyuzi 10, umri wa betri ya risasi hupungua kwa nusu. Shule za mwambao hazina budi kuzingatia jambo hilo.

Dakika 20 zinamtosha mtu aliyeketi mbele ya kompyuta. Je, kama hayupo? Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, umeme ulikatika karibu nchi nzima ya Kenya, na sehemu nyingi zilikaa gizani kwa saa nyingi. Katika ofisi iliyofungwa usiku kama huo, UPS hupiga kelele bila msikilizaji, betri humalizika, na kompyuta huzimika ghafla vilevile. Betri pekee huichelewesha ajali, haiizuii.

Mkalimani kati ya vyombo viwili

Kinachotakiwa ni kompyuta yenyewe ipate habari kwamba umeme umekatika, kisha ijifunge kwa utaratibu kabla betri haijakwisha. Habari hiyo hupita katika ule waya mwembamba. Lakini UPS za viwanda mbalimbali hazisemi lugha moja, na hapo ndipo anapohitajika mkalimani. Mkalimani huyo ni programu iitwayo kiendeshi.

Chukua mfano wa lugha inayotumiwa na UPS nyingi za bei nafuu. Kiendeshi hutuma herufi mbili tu, Q1, na UPS hujibu kwa mstari mmoja:

(231.5 231.5 231.5 034 50.0 13.6 30.0 00001001

Namba ya kwanza ni volti zinazoingia, na ya tatu ni volti zinazotoka. Namba 034 ni mzigo kwa asilimia, 50.0 ni mizunguko ya umeme kwa sekunde, 13.6 ni volti za betri, na 30.0 ni joto kwa nyuzi za Selsiasi. Kundi la mwisho ni tarakimu nane za 0 na 1, kila moja ikijibu swali la ndiyo au hapana. Tarakimu ya kwanza kushoto ikiwa 1, umeme wa gridi umekatika; ya pili ikiwa 1, betri inakaribia kwisha. Katika mstari ulio hapo juu zote mbili ni 0, hivyo hali ni shwari.

UPS nyingi nyingine hufuata kanuni ya pamoja ya vifaa vya umeme vinavyotumia waya wa USB, iliyotolewa mwaka 1997. UPS ya namna hiyo hujitambulisha kwa kompyuta kwa njia ya jumla inayofanana na ile ya kibodi. Mifumo ya Windows na macOS huitambua yenyewe na kuichukulia kama betri ya kompyuta ya mkononi. Mtumiaji hubaki na kazi ya kuchagua kiwango cha betri ambacho kikifikiwa kompyuta ijizime.

Watumishi watatu

Kwa kompyuta zinazotumia Linux, programu mashuhuri ni Network UPS Tools, iliyoanzishwa na Russell Kroll na kutolewa kwa umma kwa mara ya kwanza mwaka 1998. Hutolewa bure. Ubunifu wake ni kugawa kazi kwa watumishi watatu. Wa kwanza ni kiendeshi, ambaye husema na UPS. Wa pili, upsd, hupokea habari kutoka kwa kiendeshi na kuzitoa kwa yeyote mwenye ruhusa, hata kwa kompyuta nyingine katika mtandao. Wa tatu, upsmon, hulinda zamu na kuamua wakati wa kuizima kompyuta.

Utayarishaji hufuata mpangilio huohuo. Kwanza, katika jalada nut.conf huandikwa MODE=standalone, maana yake kompyuta moja na UPS moja. Pili, katika ups.conf kiendeshi hutajwa kwa mistari mitatu:

[shule]
driver = usbhid-ups
port = auto

Kwa UPS inayosema lugha ya Q1, kiendeshi huwa nutdrv_qx. Tatu, jina na neno la siri la upsmon huwekwa katika upsd.users. Nne, katika upsmon.conf hutajwa UPS ya kulindwa, jina na neno la siri lilelile, na amri ya kuzima. Mwisho, huduma zote huanzishwa, na amri ya upsc shule huonyesha hali ilivyo. Neno OL humaanisha kuwa umeme wa gridi upo. OB, kwamba betri imeshika zamu. Na OB likifuatana na LB, kwamba betri iko ukingoni. Hapo ndipo upsmon huanza kuzima.

Kiendeshi kikikataa kuanza ilhali waya umechomekwa sawasawa, mara nyingi sababu ni ruhusa: mfumo haujamkubalia mtumishi huyo kukigusa kifaa cha USB. Kuchomoa waya na kuuchomeka upya baada ya kusimika programu huondoa tatizo hilo mara nyingi, kwa kuwa kanuni za ruhusa husomwa kifaa kinapochomekwa.

Umeme unaporudi mapema

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalifikirii. Tuseme kompyuta imejizima salama saa nane usiku, na betri ina akiba ya dakika mbili. Umeme ukirudi katika dakika hizo, UPS haikuwahi kukata umeme uendao kwenye kompyuta. Kwa upande wa kompyuta, basi, hakuna umeme uliorudi, maana haukuondoka. Itabaki imezima mpaka mtu aje kuiwasha.

Dawa yake ni kumwachia kiendeshi neno la mwisho. Kompyuta ikiwa imekwisha kufunga majalada yote, kiendeshi huiamuru UPS ikate umeme wake baada ya muda mfupi; kwa usbhid-ups muda huo ni sekunde 20 usipobadilishwa. Umeme wa gridi ukipatikana, UPS hufungua tena, na kompyuta iliyopangwa kuwaka umeme unaporudi huwaka yenyewe.

Jaribio kabla ya ajali

Kinga isiyojaribiwa haiaminiki. Baada ya kunakili majalada yote muhimu na kuyaweka kando, chomoa UPS ukutani na usubiri huku saa ikipimwa. Kompyuta ijifunge yenyewe, UPS ikate umeme, na vyote viwili virejee plagi inaporudishwa. Hatua moja ikikosekana, heri ijulikane mchana mbele ya mwalimu.

Jaribio hilo lafaa pia kuwa somo la fizikia. Wanafunzi waandike volti za betri kila dakika moja, wachore grafu, kisha walinganishe muda waliopata na muda wa hesabu ya wati-saa. Likirudiwa kila mwaka kwa mzigo uleule, grafu ya mwaka huu ikiwekwa kando ya ile ya mwaka jana itaonyesha jinsi betri inavyochakaa, na shule itajua wakati wa kununua nyingine kabla umeme haujakatika usiku wa kuamkia siku ya kupeleka alama.