Je, Wajua? Sekunde 89 za Juma Ikangaa

Je, wajua kwamba Juma Ikangaa, mwanajeshi aliyetamba katika marathoni, ni mzaliwa wa Dodoma, mkoa huohuo wenye stesheni ya Gulwe? Mwaka 1982, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Brisbane, alimaliza wa pili kwa saa 2:09:30. Fukuoka 1983, wa pili tena: 2:08:55. Tokyo 1986: 2:08:10. Boston 1988, Mkenya Ibrahim Hussein alimshinda kwa sekunde moja tu, baada ya kilomita 42! Inauma. Hakukata tamaa: New York, Novemba 1989, alishinda kwa 2:08:01, rekodi mpya ya mbio hizo, na sekunde 89 pungufu ya muda wake wa Brisbane. Kijana wa Gulwe, ukikimbia jioni ya leo, andika muda wako.