Virusi vya mwendo wa polepole: kwa nini kujisikia mzima si kupona

(Muziki wa kufungua, kisha unashuka.)

MTANGAZAJI:  

Juma lililopita mama mmoja alinisimamisha hapa Rusizi, pale kwenye bomba la maji. Akasema: “Mwanangu, nilivuka mpaka usiku, dawa zangu za SIDA zikabaki nyumbani. Hii ni wiki ya tatu. Lakini ninakula, ninafanya kazi, sisikii maumivu. Si nimeshapona?” Nilimwomba ruhusa nijibu hapa redioni bila kumtaja, maana najua swali hilo si lake peke yake.

Jibu ni hapana, mama. Na sababu iko katika ukoo wa virusi vyenyewe.

Wataalamu hupanga virusi kama sisi tunavyopanga ndugu: kuna ukoo mkubwa, ndani yake kuna nyumba, na kila nyumba ina watoto wake. Virusi vya UKIMWI, au SIDA kama wengi wetu tunavyosema, ni vya ukoo wa retrovirusi. Ndani ya karibu kila chembe ya mwili wako kuna maagizo ya kuiendesha, yanayoitwa DNA. Yafikirie kama daftari kubwa. Chembe ikitaka kufanya kazi, hunakili ukurasa mmoja kwenye karatasi ndogo, inayoitwa RNA. Retrovirusi hufanya kinyume: huingia na karatasi yao ndogo, huigeuza kuwa DNA, halafu huushona ukurasa huo ndani ya daftari lako. Tangu hapo chembe inaubeba kama wake.

Nyumba yao katika ukoo huo ni lentivirusi. Jina linatoka Kilatini, “lentus”, yaani polepole. Mwaka 1954, mtafiti Björn Sigurðsson wa Iceland alieleza magonjwa ya kondoo yaliyokaa kimya miezi na miaka kabla ya kuonekana. Leo tunajua baadhi yake yaliletwa na lentivirusi.

Watoto wa nyumba hiyo ni wengi. Kuna vya kondoo na mbuzi, vya ng'ombe, vya farasi, vya paka na vya nyani. Tumbili wa aina ya L'Hoest, wanaoishi hata katika msitu wa Nyungwe karibu nasi, wana vya kwao. Sokwe wa Gombe, kule Tanzania kando ya Ziwa Tanganyika, pia wanavyo, na utafiti uliotolewa mwaka 2009 ulionyesha kwamba vinawaua sokwe mapema. Kwa hiyo anayekuambia kwamba mbuzi au paka wa jirani atakupa SIDA, anakudanganya. Vya mbuzi na vya paka havimpati mtu.

Ila vya nyani viliwahi kuvuka. VVU-1, ambavyo ndivyo vilivyoenea duniani, asili yake ni sokwe wa Afrika ya Kati. VVU-2 vilitoka kwa tumbili wa Afrika ya Magharibi. Wataalamu wanaona kwamba njia ilikuwa damu, wakati wa kuwinda na kuchinja. Damu ya zamani kabisa iliyokutwa na VVU-1 ilichukuliwa mwaka 1959 mjini Léopoldville, Kinshasa ya leo. Lakini virusi vyenyewe vilitambuliwa mwaka 1983, huko Paris. Miaka zaidi ya 20 vilitembea kati ya watu bila jina. Huo ndio upole wao, na ndio ubaya wao.

Turudi kwa mama yetu. Virusi hivi hushambulia askari wa mwili, chembe nyeupe zinazoitwa CD4. Bila dawa, mtu mzima anaweza kukaa miaka mingi akionekana mwenye afya huku askari wake wakipungua. Dawa huzuia virusi kujinakili, lakini haziwezi kuung'oa ukurasa ulioshonwa. Baadhi ya chembe hulala nao. Ukiacha dawa, zinaamka, na kwa watu wengi virusi vinajaa tena damuni ndani ya wiki chache, hata kama husikii kitu.

Basi tufanyeje? Ukifika kambini, mwambie muuguzi siku ileile, hata kama huna karatasi ya hospitali. Mweleze ulikuwa unameza dawa gani: jina, rangi, au mara ngapi kwa siku. Kama zimebaki kidogo, usirukishe siku ili zidumu. Usimeze za jirani. Na kama hujawahi kupimwa, omba kipimo. Tangu mwaka 2016, Rwanda humwanzishia dawa kila anayepatikana na virusi, bila kusubiri augue.

Mtu anayemeza dawa vizuri hadi virusi visionekane tena kwenye kipimo cha damu, hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Mama mjamzito anayemeza dawa vizuri anaweza kuzaa mtoto asiye navyo.

Mama wa bombani, najua unasikiliza. Muuguzi anahifadhi siri. Nenda kesho asubuhi, usingoje mwili ukuambie, kwa sababu virusi hivi havina haraka.

Tukutane juma lijalo. Usiku mwema.

(Muziki wa kufunga.)